Jina la Namba Saba

Sabino Tagliamonte alikuwa winga wa kulia wa Montecalvano, na mazoezini alikuwa anakuja kwa gari la maiti. Hakuna aliyekufa. Ndilo gari lake. Baba yake, Don Liborio, muuza majeneza, alikuwa amenunua jipya, na lile la zamani, refu kama Kwaresima, lenye vioo ubavuni na malaika wa shaba kwenye paa, akamwachia mwanawe. Sabino alilipaka kijani cha aiskrimu ya pistachio. Mapazia meusi akayang'oa, akatundika ya zambarau, na zambarau kwetu ni rangi ambayo mwigizaji akikuona umeivaa ukumbini anaghairi onyesho na kurudi nyumbani kulala. Pale nyuma, mahali pa marehemu, aliweka viatu vya mpira na kreti la machungwa.

Mpira alijifunzia uani kwa baba yake, akipiga chenga katikati ya majeneza yaliyosimamishwa yakauke rangi. Alipenda kusema kwamba jeneza ni beki bora kuliko wote wa daraja la tatu: halikimbii, halipigi teke, lakini halidanganyiki kwa kutikisiwa nyonga, lazima ulizunguke kweli. Alipokua akakuta mabeki wa kweli wanadanganyika, aliona kazi imekuwa nyepesi mno, akaanza kuipamba. Soksi alizishusha mpaka vifundoni. Masharubu aliyapaka nta. Akishampita beki alikuwa anasimama, anamsubiri arudi, kisha anampita tena, ili jamaa asije akalalamika kwamba mara ya kwanza hakuwa tayari. Krosi yake ikizaa bao aliliinamia jukwaa kama mwimbaji wa opera, mkono kifuani. Watu wakamwita Tausi. Jumapili za ushindi watoto wa mtaa mzima walijazana ndani ya gari la pistachio wakipunga mikono vioo vikiwa wazi, na mama zao walicheka vibarazani.

Hiyo ni wakati timu inashinda.

Majira ya baridi ya mwaka ule timu iliacha kushinda, na mji ukaanza kutafuta mchawi. Kipa Nunzio alimpa Sabino mkono siku moja, kesho yake akajibana kidole kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Basi la timu lilizama kwenye tope, Sabino akiwa kiti cha mbele. Halafu mwenyekiti wa klabu, Eustachio Pappalettera, mwenye kiwanda cha makaroni, akamkaribisha chakula cha jioni sikukuu ya Mtakatifu Martino, na asubuhi yake chumba cha kukaushia makaroni kikashika moto. Moto wenyewe ulizimwa kwa ndoo, na makaroni yaliyoungua yalitosha nguruwe wawili. Lakini Pappalettera alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti kwa mguu wa kushoto tangu abatizwe. Alikaa, akafikiri, akagundua kwamba katika kila balaa Tausi alikuwa karibu. Kwamba katika kila balaa hata yeye mwenyewe alikuwa karibu, hilo halikumjia.

Akatamka neno moja tu mkahawani, kwa sauti ya chini: gundu. Ikatosha.

Sasa, kwetu mtu akishapewa gundu hafukuzwi. Nani athubutu? Kumfukuza ni kumuudhi, na akiudhika ndipo paa litakapokuangukia. Wala hapigwi wala hatukanwi. Anachofanyiwa ni kimoja: jina lake halitajwi tena. Anakuwa "yule bwana", "yule wa kulia", au mtu anainua tu nyusi na wote wanaelewa, kisha wanatafuta chuma cha kushika. Ufunguo, mguu wa kiti, chochote. Asiye na chuma anatoa pembe kwa vidole viwili, cha shahada na kile kidogo, chini ya meza. Na wanaume wakikosa yote hayo, wana mahali pengine pa kujishika ambapo mbele ya wageni hatupataji.

Sabino alijua neno hilo limemfikia Jumapili moja kabla ya mechi. Carmelo Schiattarella, karani wa posta mwenye sauti tamu kama mvinyo wa misa, ndiye aliyekuwa anasoma majina ya wachezaji kwenye kipaza sauti. Kila mchezaji akisomwa alichomoka kwenye mlango wa vyumba akikimbia, jukwaa likimpokea. Sabino alikuwa amesimama mlangoni, masharubu yameng'aa, mkono umeshapanda kusalimia.

"Namba sita, Ruggero Bellopede," Carmelo akasema. Kisha pakapita kimya chenye ukubwa wa pumzi moja. "Namba nane..."

Mkono wa Sabino ukabaki juu. Hakujua aushushe vipi. Mwishowe alijifanya anajikuna kisogo, akatoka mbio peke yake, na jukwaa lote likainamisha macho kama watu wanaotafuta kitu walichoangusha.

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba winga wa kulia alicheza vizuri, bila kusema ni nani. Kigingi chake cha kutundikia nguo kilihamishiwa karibu na choo. Mchinja nyama alimfungia nyama yake, akaisukuma kwa kisu juu ya marumaru ili mikono isigusane. Kinyozi, aliyempaka nta masharubu yale tangu yalipoota, alianza kuwa na wateja wengi mno kila Sabino alipotokea, hata kama kibandani hamkuwa na mtu. Baadaye kocha naye akaelemewa na maneno ya mwenyekiti, akamkalisha benchi, kwenye ncha kabisa, na wenzake wakakaa kwenye ncha ya pili wakabanana mpaka mmoja akawa anaangukia nyasi.

Dada yake Rachelina ndiye aliyemuuliza. Alikuwa kwenye karakana ya maua nyuma ya duka la baba yao, anafunga mashada ya mazishi kwa waya, na Sabino amekaa juu ya jeneza la msonobari akila chungwa.

"Unataka nini hasa?" Rachelina alisema bila kuinua macho.

"Nataka Carmelo asome jina langu."

"Na nini kingine?"

"Basi."

"Wenzako wanataka nyumba, wanataka mke. Wewe unataka kuitwa na karani wa posta."

"Kwa sauti. Jina lote. Watu wakiwa wamejaa."

Rachelina alikata waya kwa meno. Alimwambia auze lile gari, anunue suti ya kijivu kama binadamu, aende kaskazini. Huko Milano na Torino watu wana ukungu na viwanda, hawana muda wa gundu.

"Nikienda nitakuwa nimewaachia jina walizike," Sabino akasema. "Na katika mji huu kuzika ni kazi yetu sisi, si yao."

Rachelina akacheka asitake kucheka, akamtupia ua lililovunjika. Lakini alimwelewa. Jina lile lilikuwa lake pia, na tangu majira ya baridi alikuwa ameona wanawake sokoni wakihamisha vikapu vyao mkono wa pili alipopita.

Kabla ya Pasaka mwenyekiti alimtuma nahodha, Ruggero, kupeleka masharti. Ruggero alikuwa beki mpana mwenye moyo wa jibini laini, na alisimama kwenye kizingiti cha duka mkono mmoja ukiwa mfukoni. Ndani ya mfuko funguo zilikuwa zinalia kama kengele ya mbuzi. Alieleza yote kwa mkupuo mmoja: gari lipakwe jeupe au liuzwe, zambarau ichomwe moto, na siku ya mtakatifu wa mji yule bwana atembee peku nyuma ya sanamu, ameshika mshumaa, mpaka kanisani, akamwagiwe chumvi na maji ya baraka mbele ya watu. Baada ya hapo Mheshimiwa Mwenyekiti atatangaza mwenyewe kwamba gundu limeondoka, na kila kitu kitarudi kama zamani.

Sabino alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anapaka vanishi mguu wa msalaba.

"Toa kwanza mkono mfukoni, ndugu yangu," akasema, "halafu tuzungumze."

Ruggero alijitahidi. Ilionekana begani kwamba anajitahidi. Mkono haukutoka.

"Nina watoto, Sabi..." akasema, na silabi ya mwisho akaimeza, ikashuka kooni kama mfupa wa samaki.

"Unaona? Sasa mwambie mwenyekiti hivi. Nikibarikiwa nitolewe gundu, nitakuwa nimekiri kwamba nilikuwa nalo. Mtakatifu mwenyewe hajanilalamikia. Na zambarau haitachomwa, nimeagiza suruali."

Hakuwa anatania. Suruali ilifika, ya zambarau, imebana juu na kutanuka chini kama tarumbeta, na Jumapili iliyofuata aliivaa mpaka uwanjani. Jumatatu asubuhi alilipeleka gari la pistachio akaliegesha mbele ya lango la kiwanda cha makaroni, akakaa mkahawa wa upande wa pili akinywa kahawa yake polepole, kidole kidogo kimeinuka. Wafanyakazi wakaanza kuingia kwa lango la nyuma, la takataka. Pappalettera alimwona kutoka dirishani, akafunga dirisha, akafunga na pazia, akashika mashine ya kukata tambi kwa mikono miwili hadi kahawa ile ilipokwisha. Rachelina alisema kaka yake amepata kichaa. Don Liborio alikwenda akaling'arisha gari lile kwa kitambaa, hasa wale malaika.

Ikaja Jumapili ya mwisho wa msimu. Montecalvano nyumbani dhidi ya Portocenere. Tukishinda tunabaki daraja la tatu. Sare au kufungwa, tunashuka huko chini wanakochezea viwanja vyenye kuku. Na Ijumaa, Loreto, kijana aliyekuwa anavaa jezi namba saba tangu Sabino awekwe benchi, aliamka mashavu yamevimba kama maboga. Matubwitubwi. Mji mzima uliinua nyusi.

Kocha Dreossi alikuwa mtu wa Friuli, huko milimani kaskazini, na alikuwa anakumbusha watu kila siku kwamba kwao hawaamini upuuzi, huku akizunguka ngazi badala ya kupita chini yake. Alimwita Sabino chumbani akamwambia atacheza.

"Na jina langu?" Sabino akauliza.

"Jina ni la mwenyekiti na karani wake. Mimi nina jezi tu. Unaitaka?"

Sabino akaichukua.

Carmelo akasoma. Moja, mbili, tatu, mpaka sita. Pumzi. Nane. Jukwaa lilipoona kwamba safari hii kile kimya kimetoka mlangoni kikiwa na masharubu na soksi vifundoni, watu maelfu walishika chuma kwa pamoja, na mlio wa funguo ukapita juu ya uwanja kama mvua ya mawe juu ya bati. Sabino alikimbia mpaka katikati, akawainamia, mkono kifuani.

Beki wa kushoto wa Portocenere aliitwa Mastrangelo, jitu lenye mapaja ya ng'ombe, ambalo mawinga wa daraja la tatu walikuwa wanaliota usiku na kuamka wameshika magoti. Lakini sifa mbaya husafiri bila nauli, na ile ya Sabino ilikuwa imefika Portocenere muda mrefu uliopita, tena imenenepa njiani. Sabino alimwendea kabla ya filimbi, akamwonyesha tabasamu, akamuuliza kwa upole habari za afya. Kisha akamtazama kutoka utosini mpaka kisiginoni. Akamtazama tena, sasa kutoka bega hadi bega. Akatikisa kichwa taratibu kama fundi aliyeridhika na kipimo.

"Mita moja na themanini na tano?"

"Na sita," Mastrangelo akajibu kabla hajajizuia.

"Na unapenda mti gani, mwaloni au msonobari?"

Tangu dakika hiyo Mastrangelo alimkaba kutoka umbali ambao angeweza kumtumia barua. Sabino alikuwa anapokea mpira, anatengeneza nywele, anachagua njia. Hakukuwa na haja ya chenga, akapiga hivyohivyo, kwa heshima ya nyasi. Kabla ya mapumziko alishuka mpaka kwenye kibendera cha kona, akainua krosi, mshambuliaji wa kati akaipiga kichwa, bao. Wenzake kumi walimrukia mfungaji. Kwa Sabino hakuja mtu. Aliinamia kibendera cha kona, akakishukuru.

Kipindi cha pili Portocenere wakasawazisha. Nunzio alitoka golini kufuata mpira ambao haukumhitaji, ukapita juu yake, ukaingia. Macho ya uwanja mzima yakamtafuta namba saba, ambaye wakati ule alikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja, anafunga kamba ya kiatu. Funguo zikalia tena, safari hii kwa hasira. Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele akasema si mmeona? Si nilisema?

Dakika zikaisha kama sukari ndani ya kahawa. Mechi ilikuwa karibu kabisa na mwisho Sabino alipopokea mpira kulia, akaingia ndani ya kisanduku, akampiga tobo wa kwanza, akampa kanzu wa pili, na mbele yake akabaki kipa aliyeteleza na, kwenye mstari wa goli, Mastrangelo. Mastrangelo aliona yule mpima majeneza anamjia moja kwa moja. Akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Akatafuta chuma. Chuma kilichokuwa karibu ni mlingoti wa goli, akaukumbatia kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaunyoosha mbele ametoa pembe. Sabino alipiga. Mpira ukagonga zile pembe.

Penalti. Hata Portocenere hawakubisha. Wangebisha nini?

Mpigaji wa penalti alikuwa Ruggero. Lakini mpira ulikuwa umerudi kwa Sabino, naye aliuokota, akaukumbatia, akaupulizia. Ruggero alisogea, akanyoosha mikono, akaitazama ile mikono yake mwenyewe, akawafikiria watoto wake. Akarudi nyuma. Sabino akawageukia wengine mmoja mmoja, amewanyooshea mpira kama anayegawa keki. Hakuna aliyetaka kipande.

Basi akauweka mpira kwenye alama. Kisha akaukalia.

Mwanzoni watu walidhani ameumia. Halafu wakaona anapangusa masharubu. Ruggero alimwendea, akasimama hatua kadhaa, akamuuliza kwa sauti ya kuomba kuna nini sasa.

"Jina langu lisomwe," Sabino akasema. "Pale juu, kwenye kipaza sauti. Likisomwa napiga."

"Tutashuka daraja."

"Mtashuka. Mimi nilishashuka tangu Mtakatifu Martino."

Mwamuzi, mtu mwembamba wa Arezzo asiyejua habari hizi, alikuja akamwamuru asimame. Sabino alimweleza kwa adabu kwamba hawezi. Mwamuzi akatoa kadi ya njano, akatoa na kijitabu.

"Jina?" akauliza.

Kwa mwaka ule alikuwa mtu wa kwanza nje ya nyumba yao kumuuliza swali hilo, na Sabino alitamani kumbusu.

"Sabino Tagliamonte," akasema kwa sauti iliyofika mstari wa tano. "Andika vizuri, herufi kubwa mbili."

Mwamuzi akaandika. Watu wa mistari ya mbele waliangalia angani kuona kama bado iko. Mwamuzi akatazama saa, akasema anampa dakika moja, na ikipita atapuliza kipenga cha mwisho twende zetu.

Pappalettera alikuwa ameshateremka mpaka kwenye uzio, kofia mkononi, uso umekuwa wa rangi ya nyanya za kopo. Aliushika uzio, ambao kwa bahati yake ulikuwa wa chuma.

"Piga kwanza," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Tutazungumza baadaye."

"Soma kwanza, nitapiga baadaye."

"Nitakuuza Sardinia."

"Itabidi uwaandikie jina la bidhaa, Mheshimiwa."

Nyuma ya mwenyekiti jukwaa lote, wale wale waliokuwa wameshika funguo, walianza kumpigia kelele. Walimwambia asome, asome, kwani jina litamuuma? Na hakuna hata mmoja wao aliyelitaja. Pappalettera aligeuka, akapanda ngazi mbili mbili na tumbo lake lote, mpaka kwenye kibanda cha kipaza sauti. Akamwamuru Carmelo asome. Carmelo akasema mkewe ana mimba ya mwezi wa nane, kwamba yeye ni karani tu, kwamba posta hakuna anayemlazimisha hivi. Akakiweka kipaza sauti mezani kwa ncha za vidole, akatoka nje, akaegemea ukuta.

Kwa hiyo ilibidi asome aliyelizika.

Spika zikakohoa. "Namba saba," ikasema sauti ya Pappalettera. Ikasikika pumzi yake, ndefu, na mlio wa funguo. "Sabino." Spika zikapiga mluzi mkali na nusu ya jukwaa wakainamisha vichwa. "Tagliamonte."

Hakukuanguka kitu. Njiwa aliyekuwa juu ya paa la jukwaa alihama futi moja, akatulia.

Sabino aliweka kiganja sikioni. Hakusikia vizuri, alionyesha. Wenye moyo dhaifu wakalaani. Lakini kabla mwenyekiti hajavuta pumzi nyingine, sauti moja ya kike ikatoka ngazi za juu kabisa, sauti iliyozoea kushindana na kinanda cha mazishi. Ilikuwa Rachelina, amesimama juu ya kiti, analitaja jina lote, kisha analitaja tena. Wakamfuata watoto waliowahi kupanda lile gari, kwa sababu watoto walikuwa wamechoka muda mrefu na mambo ya nyusi. Wakafuata mama zao. Kisha wanaume, mmoja hapa, watatu pale, kwa sauti ya kuibia kwanza, kama wanaojaribu maji ya bahari kwa dole gumba, na walipoona hawafi wakaongeza. Uwanja ukawa unalisema jina lile kwa mpigo mmoja. Sabino Tagliamonte akasimama kutoka juu ya mpira, akazipandisha soksi zake mpaka magotini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya komunyo yake ya kwanza.

Akapiga. Na alipiga vibaya, lazima isemwe. Machozi yalikuwa yamemjaa, mguu ukagusa nyasi kwanza, mpira ukaenda polepole katikati. Kipa alikuwa ameshajitupa kushoto, lakini mguu wake wa kulia ulichelewa kuondoka na mpira ukaugonga, ukarudi.

Uwanja ukakata sauti. Na ndani ya kimya kile spika, ambazo hakuna aliyezizima, zikatoa sauti ya Pappalettera ikisema kwa uchovu mkubwa, kama mtu peke yake jikoni kwake: "Mimi nilijua."

Sabino alilisikia lile neno akiwa ameshaupita mpira kwa mbio na kurudi kuufuata, goli liko nyuma ya mgongo wake, mpira unambingirikia kati ya miguu. Hakugeuka. Hakukuwa na muda wa kugeuka, wala hakutaka kugeuka. Alirusha kisigino nyuma kama punda anayefukuza nzi, na mpira ukapanda, ukapita chini ya mtambaa panya, ukalala wavuni.

Spika zikalia kwa kishindo jina la ubatizo la namba saba, mara nyingi, zimepasuka, na Pappalettera aliyekuwa analipigia kelele hakujua kwamba analitaja.

Baadaye watu walitaka kumbeba mabegani. Sabino hakukataa kubebwa, yeye si mjinga, ila kila aliyetaka bega lake litumike alilazimika kulitaja jina kwanza, lote. Ruggero alilitaja analia, mikono yake yote miwili ikiwa nje. Pappalettera alikuja chumbani akiwa amevaa upya uso wa mwenyekiti, akatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba gundu limeondoka rasmi leo.

"Halijaondoka," Sabino akasema kutoka kwenye beseni la maji moto. "Halikuwepo. Waandike hivyo."

"Tutaandika unavyotaka, mwanangu. Ila msimu ujao, lile gari..."

"Lile gari litakuja, na suruali itakuja ndani yake."

Mwenyekiti akatazama dari, akaondoka. Mwisho wa wote akaingia Carmelo Schiattarella, kofia kifuani. Alianza kueleza habari za mkewe, habari za mama mkwe wake ambaye huota ndoto, habari za mtu mdogo mbele ya mtu mkubwa. Sabino alimwacha azunguke mpaka alipoishiwa.

"Msimu ujao utasoma," Sabino akasema.

"Nitasoma. Naapa kwa mtoto atakayezaliwa. Namba sita, namba saba..."

"Hapana. Utaanza na mimi."

Carmelo alimtazama. "Haiwezekani. Inaanza namba moja. Inaanza kipa. Italia nzima inaanza na kipa."

"Saba, halafu moja, halafu mbili. Mimi nimekaa nje ya orodha karibu msimu mzima, kipa atavumilia dakika moja."

"Lakini watu watachanganyikiwa."

Sabino alichukua taulo, akaanza kukausha masharubu, upande mmoja kisha wa pili.

"Watazoea," akasema. "Hebu jaribu sasa hivi, nisikie."